Papo kwa Papo, Baada ya Miaka Mingi

Neno "impromptu" lilitoka Kilatini, likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza katika karne ya 17. Leo Waingereza huliita hivyo tendo lisilopangwa: hotuba ya ghafla, mkutano wa ghafla, hata karamu. Lakini Warumi waliposema kitu kiko in promptu walimaanisha kiko tayari, karibu na mkono. Maana hiyo ya kwanza naipenda zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoeleza yaliyotendeka kweli katika mifano ifuatayo.

Mwaka 1663 mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, Molière, aliupa jina hilo mchezo wake mfupi, L'Impromptu de Versailles, kuwajibu mahasimu waliomshambulia kwa sababu ya mchezo wake wa awali, L'École des femmes. Waigizaji wanaonekana mazoezini, wakilalamika kwamba hawajakariri maneno yao na Mfalme Louis wa 14 anakaribia kufika. Molière mwenyewe anaigiza Molière, akiwaelekeza na kuwakaripia. Hata wasiwasi wao ulikuwa umeandikwa. Katika karne ya 19 watunzi wa piano walilichukua jina hilo, Voříšek mwaka 1822, Schubert mwaka 1827, kwa muziki uliopangwa noti kwa noti.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni wa jukwaani. Tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, Martin Luther King alikuwa akisoma hotuba yake mbele ya watu wapatao 250,000. Alipokaribia mwisho, mwimbaji wa injili Mahalia Jackson, aliyekuwa ameimba jukwaani hapo siku hiyo, alimpazia sauti awaambie watu habari za ile ndoto. King akaisukuma kando karatasi, akaanza kueleza ndoto yake. Clarence Jones, aliyesaidia kuandaa rasimu, amesimulia kwamba alimwambia mtu aliyesimama karibu naye kuwa umati ule haujui, lakini sasa unaingia kanisani.

Ndoto haikuwemo katika rasimu ile. Wengi huishia hapo, wakaistaajabia kana kwamba ilishuka dakika ile ile, na kwa kufanya hivyo humpunja King. Alikuwa mchungaji wa Kibatisti, mwana na mjukuu wa wachungaji, aliyekulia katika ibada ambayo waumini humjibu mhubiri na kumsukuma mbele kwa sauti zao. Mahalia alifanya tu jambo ambalo angelifanya Jumapili yoyote. Tena alijua anachokiomba: alisema "ile ndoto" kwa sababu King alikuwa ameshaihubiri. Aliizungumzia Novemba 1962 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko Rocky Mount, North Carolina. Akairudia Detroit tarehe 23 Juni 1963, miezi miwili kabla ya Washington, na hotuba ile ya Detroit ilirekodiwa na kampuni ya Motown, ikatolewa kwenye santuri.