Imamu Ghazali na Jicho la Moyo

Hebu tazama kivuli chako asubuhi. Kimesimama, si ndiyo? Rudi baada ya saa moja utakikuta kimesogea. Na nyota unayoiona ukitoka taraweh ni ndogo kama sarafu, lakini wataalamu wa falaki wanatuambia ni kubwa kuliko dunia. Kumbe jicho hudanganyika! Mifano hii aliitoa Imamu Abu Hamid al-Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal.

Imamu alizaliwa Tus, katika nchi ya Iran ya leo, mwaka 450 Hijria (1058). Mwaka 1091 waziri Nidham al-Mulk alimpa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Wanafunzi wake walikuwa 300. Jina analo, mali anayo, heshima anayo. Mtu atake nini tena?

Lakini alipoichunguza nia yake, aliona kwamba anafundisha kutafuta sifa, si radhi za Mwenyezi Mungu. Kuanzia Rajab 488 (1095), kwa karibu miezi 6, nafsi ikamvuta huku na huku. Leo aondoka, kesho abaki. Mwisho ulimi ukafunga: ataka kusomesha, neno halitoki. Chakula nacho hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa umetoka moyoni. Zingatia hapa ndugu yangu: Baghdad ilikuwa ile ile na darasa lile lile. Kilichobadilika ni moyo uliokuwa ukitazama.

Basi akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatoka. Alikaa Damascus, akawa anapanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Akaenda Baitul Maqdis, kisha akahiji. Katika miaka hiyo ndipo ilipoandikwa Ihya Ulum al-Din, yenye vitabu 40. Kitabu cha 21 kinaeleza maajabu ya moyo: ni kama kioo, kikishika kutu hakionyeshi kitu sawasawa. Cha 38 kinafundisha muraqaba na muhasaba, yaani kujichunga na kujihesabu.

Mwaka 1106 alirudi kusomesha, mara hii Nishapur. Kazi ile ile, nia nyingine. Alifariki kwao Tus mwaka 1111.

Sasa ewe kijana, Imamu aliigawa saumu daraja tatu: ya tumbo, ya viungo, na ya moyo. Sisi wengi tumesimama kwenye ile ya kwanza. Tunafunga, huku kidole hakitoki kwenye simu mpaka adhana ya Magharibi, kisha twasema siku ilikuwa ndefu! Usiku wa leo, kabla ya kulala, izime hiyo simu dakika tano tu. Jiulize: leo nimetazama nini, nimesema nini, na nilikuwa namtaka nani aniridhie? Usijidanganye katika jawabu, kwani hapo hakuna mwingine anayesikia ila Mola wako.

Mwenyezi Mungu atusafishie nyoyo na atutakabalie saumu zetu. Amin.