Nyumba Inayohama na Nyumba Inayokaa: Somo la Mafuriko kutoka Turkana hadi Lamu

Mafuriko yakitajwa, wengi wetu huwaza bonde la Tana, au Jangwani kule Dar es Salaam. Ni wachache wanaoitaja Turkana. Lakini Lodwar, mji unaopata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, hufurika mara kwa mara. Mvua hunyesha mbali, milimani, huku jua likiwaka mjini. Kisha Kawalase, laga au mto wa msimu uliokuwa mchanga mkavu, unashuka ghafla na maji ya tope. Kakuma nako, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, laga la Tarach hula kingo zake na kuzifikia nyumba za matofali mabichi, ambazo ukuta ukilowa chini huporomoka wote. Ziwa Turkana lenyewe limepanda miaka ya karibuni na kufunika makazi ya wavuvi. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayetaka kuyajua maji ana mengi ya kujifunza huku.

Kenya ina mapokeo mawili makubwa ya ujenzi yanayostahili kuwekwa pamoja darasani. La kwanza ni la Waturkana, ambao kwao mjenzi ni mwanamke. Yeye ndiye anayechomeka fito ardhini kwa duara, akazikunja, akazifunga juu, kisha akafunika kuba hilo kwa majani ya mkoma unaoota kandokando ya malaga. Familia ikihamia malisho mengine, vyombo hupakiwa juu ya punda na nyumba nyingine husimamishwa huko waendako. Nyumba hii haishindani na maji. Nguvu yake imo katika kuchagua mahali, na katika kukubali kwamba mahali hapo si pa milele.

La pili ni la Waswahili wa Lamu. Huko nyumba hujengwa ibaki kwa wajukuu. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya kuni hadi yawe chokaa, na chokaa hiyo ikishazimwa kwa maji huachwa ilale muda mrefu kabla ya kutumika. Kuta ni nene, na upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti la mkoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Lipu ya chokaa huacha ukuta upumue: unyevu ukiingia, hupata njia ya kutoka. Mji wenyewe umekaa kwenye mteremko, na mifereji yake hushuka hadi baharini.

Kila mapokeo yana mpaka wake. Nyumba ya Kiturkana hutegemea uhuru wa kuhama. Mwenye ploti Lodwar hana uhuru huo, na mkimbizi wa Kakuma anakaa pale alipogawiwa. Nyumba ya Lamu nayo hula mikoko na matumbawe, vitu vilevile vinavyoukinga ufuo na mawimbi. Kwa hiyo anayetaka kunakili umbo la nyumba hizi bila kuelewa sababu zake atakosea pande zote mbili.

Barani Asia wapo wasanifu waliofanya kazi ninayoililia hapa. Nchini Bangladesh, Marina Tabassum alibuni Khudi Bari, nyumba ndogo ya mianzi ambayo wenyewe huifungua na kuihamisha mto unapobadili njia. Maji yakija, familia hupanda ghorofa ya juu. Hiyo ni akili ya mama wa Kiturkana, ikaongezwa ghorofa. Nchini Pakistan, baada ya mafuriko ya mwaka 2010, Yasmeen Lari aliwafundisha wanavijiji wa Sindh kujenga kwa udongo, chokaa na mianzi. Fundi wa Lamu angeitambua chokaa ile mara moja. Wote wawili walianza na mjenzi wa kijijini, wakamwongezea elimu badala ya kumwondoa.

Turkana yenyewe imeanza kutembelewa na majina makubwa. Mwaka 2017 Shigeru Ban alikubaliana na UN-Habitat kubuni nyumba za Kalobeyei, karibu na Kakuma. Mwaka 2021 Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, alikamilisha chuo cha Startup Lions karibu na ziwa, chenye minara ya kupitishia hewa iliyoigwa kwa vichuguu vya mchwa. Ni jengo la kujivunia, na jibu lake kwa joto ni la kupendeza. Lakini mji haujengwi kwa jengo moja la kusifiwa. Unajengwa na mamia ya watu wenye mabati, udongo na pesa kidogo, na hao ndio wanaohitaji msanifu aliyefunzwa vizuri.

Mafunzo hayo yaanzie lagani. Mwanafunzi atembee kwenye mchanga mkavu na kutazama juu, aone vijiti na matambara yaliyonasa kwenye matawi ya migunga: hapo ndipo maji yalipofika. Apime kimo hicho kabla ya kuchora mstari wowote. Kisha akae na akina mama wanaojenga, awaulize kwa nini walichagua mwinuko huu wakauacha ule. Halafu ajifunze kuzima chokaa kwa fundi wa Lamu, ajue jinsi ya kuinua msingi na kuulinda ukuta wa udongo usiloe chini.

Usanifu umefundishwa chuoni Nairobi tangu mwaka 1956, na Lodwar sasa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Vyuo hivi vishirikiane. Mwanafunzi akae Turkana msimu mzima wa mvua, na mama wa Kiturkana na fundi wa Lamu waitwe walimu na walipwe kama walimu. Maji hufuata mkondo, na asiyeujua mkondo asikabidhiwe kazi ya kujengea watu nyumba.