Pamba ya Simiyu hadi tisheti ya Kariakoo: hela inapotelea wapi?

Chukua kilo moja ya pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyochumwa shambani. Ikipita kwenye kiwanda cha kuchambua, takriban theluthi moja inatoka kama pamba nyuzi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu, ambayo hukamuliwa mafuta na kuacha mashudu ya ng'ombe. Zile nyuzi, hata ukiondoa zinazopotea njiani, zinatosha tisheti moja ya mtu mzima na kitambaa kinabaki.

Msimu wa 2019, bei dira ya kilo hiyo ilikuwa Sh1,200. Bei ya tisheti dukani unaijua mwenyewe.

Tanzania inalima pamba, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi inafungwa marobota na kusafirishwa nje kabla haijawa uzi. Kisha vitambaa na nguo vinarudi kupitia bandarini. Kila anayezungumzia kuwekeza kwenye nguo za nyumbani anakutana na swali hilohilo: hapo katikati pana nini?

Inalimwa wapi, na nani

Karibu pamba yote inatoka Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, na Simiyu ndiyo inayoongoza. Wanaolima ni wakulima wadogo, wenye ekari chache, kwa mvua bila umwagiliaji, na wanachuma kwa mkono. Kwa mazingira hiyo ni sifa kubwa, maana pamba ya nchi nyingine inakunywa maji ya mito. Kwa mfuko wa mkulima, mvua ikikataa ndiyo basi.

Shida kubwa shambani ni mavuno. Wengi wanapata kilo 200 hadi 300 kwa ekari, wakati shamba lililotunzwa vizuri linaweza kutoa mara tatu na zaidi. Ndiyo maana Bodi ya Pamba ilihimiza nafasi ya sentimita 60 kwa 30 badala ya 90 kwa 40. Kwa miche miwili kila shimo, ekari inabeba miche kama 44,000 badala ya 22,000. Hapo mkulima hajanunua mashine wala kuongeza ardhi, amebadilisha kamba ya kupimia tu.

Viwanda vilikuwepo

Kijana wa leo anaweza kudhani nchi haijawahi kutengeneza nguo. Urafiki, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Mwanza ilikuwa na Mwatex, Musoma ikawa na Mutex. Kanga na vitenge vilivyovaliwa mitaani vilitoka humo.

Vingi vilianza kuyumba miaka ya 1980. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwepo, umeme ulikatika, mashine zikazeeka. Soko lilipofunguliwa, mitumba na vitambaa vya Asia vikaingia kwa bei ambayo mashine ya 1968 isingeweza kushindana nayo. Urafiki uligeuzwa ubia mwaka 1996, Wachina wakiwa na asilimia 51.

Wapo waliobaki kazini. Sunflag ya Arusha inasokota, inafuma na kushona chini ya paa moja. Morogoro kuna 21st Century Textiles ya MeTL. Lakini ukilinganisha na pamba inayovunwa, ni wachache mno.

Kusokota ndiko kugumu

Kuchambua pamba ni rahisi kwa kiasi fulani, na viwanda vya kazi hiyo Kanda ya Ziwa vipo vya kutosha, vingine vinafanya kazi miezi michache tu kwa mwaka. Kushona nako si mtihani, cherehani na mafundi wapo. Kigumu ni hatua za katikati: kusokota uzi, kufuma, kutia rangi.

Kinu cha kusokota kinakula umeme usiku na mchana, na ukikatika ghafla uzi unakatika kwenye maelfu ya visokotio kwa wakati mmoja. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme kwenye gridi. Bado mwekezaji atauliza bei ya uniti na hali ya laini inayofika hadi mlangoni kwake.

Halafu kuna hela ya kununulia mali, na hapa wengi wanajikwaa. Pamba inanunuliwa kwa msimu unaofunguliwa kwenye mwezi wa tano na kuisha ndani ya miezi michache, lakini kinu kinafanya kazi mwaka mzima. Mwenye kinu anatakiwa anunue pamba ya mwaka kwa mkupuo na kuiweka ghalani huku riba ya benki ikitembea. Msafirishaji hana mzigo huo, anauza marobota na kulipwa.

Rangi nayo ina mambo yake. Kiwanda cha kutia rangi kinatumia maji mengi na kutoa maji machafu. Kanda ya Ziwa ina Ziwa Victoria ambalo watu wanakunywa na kuvua humo. Anayejiita mwekezaji endelevu bila mtambo wa kusafisha maji hayo anatania.

Kilichotokea 2019

Ukitaka kuelewa hatari ya biashara hii, usianze na mashine, anza na malipo. Msimu wa 2019 mavuno yalikuwa makubwa, karibu tani 350,000. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita kununua kwa bei dira, na wakulima wengi wakakaa miezi wakidai hela ya pamba waliyokwisha kuikabidhi kwenye AMCOS, vyama vyao vya ushirika.

Msimu uliofuata mavuno yalianguka hadi takriban tani 122,000. Mvua nyingi zilichangia. Lakini mtu aliyekopwa mwaka mzima hahitaji kuelezwa kwa nini apande choroko, dengu au alizeti badala yake.

Kwa kiwanda, mtikisiko huo ni mbaya kuliko bei kupanda. Unaweza kupanga kwa bei ya juu. Huwezi kupanga kwa malighafi ambayo mwaka huu ipo na mwaka ujao imebaki theluthi. Kwa hiyo anayelipa wakulima kwa wakati hafanyi hisani, analinda mashine zake.

Mfano wa Meatu

Wilayani Meatu, Simiyu, mradi wa bioRe ulianza 1994 ukishirikiana na kampuni ya Uswisi, Remei. Wakulima wake wanalima pamba hai, bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali. Wanabadilisha mazao shambani, na wanapanda alizeti kati ya pamba ili kusaidia kupambana na funza wa vitumba.

Ubora wa mfano huo ni mkataba: mnunuzi anajulikana kabla ya kupanda, na pamba hai inalipwa zaidi ya bei ya kawaida. Ugumu wake ni muda. Shamba haliitwi hai siku unapoacha kupulizia dawa, kuna kipindi cha mpito cha miaka miwili hadi mitatu kutegemea soko, na mtu lazima abebe gharama za kipindi hicho. Na hata pamba hii ya Meatu, sehemu kubwa ya thamani yake inaongezwa nje ya nchi.

Vipi kuhusu kupiga marufuku mitumba?

Ilijaribiwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu za AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikafutiwa nafuu hiyo ya kodi. Hata bila Marekani, marufuku isiyo na kinu cha kusokota ingewafaidi zaidi waagizaji wa nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia.

Pa kuanzia

Si lazima kila mtaji uende kwenye kinu. Pamba ya hospitali, ile ya kufutia vidonda, haisokotwi kabisa: nyuzi zinasafishwa, zinachanwa na kupaushwa. Wazo la kiwanda cha aina hiyo limezungumzwa sana Simiyu, na mnunuzi mkubwa yupo nchini, Bohari ya Dawa.

Nafuu zaidi ni mfuko. Mkulima akihifadhi pamba kwenye sandarusi, vipande vya plastiki vinachanganyika na nyuzi, havishiki rangi, na vinaonekana kama mabaka kwenye kitambaa kilichokamilika. Pamba safi inashuka thamani hata kabla haijapimwa kama fifi. AMCOS inayogawa mashuka ya pamba ya kuchumia na kuhifadhia tayari imewekeza kwenye kiwanda cha nguo.