Nyumba kumi na moja za Kalobeyei

Waandishi wa ng'ambo wakifika Kakuma hupenda kuandika kwamba jina hilo ni la Kiswahili, na maana yake eti ni "hakuna mahali". Miye Kiswahili nimekisema tangu utotoni kule Fizi, na neno hilo sijapata kulisikia kwa mtu yeyote. Naanza hapo kwa sababu uongo huo mdogo umebeba uongo mkubwa zaidi: kwamba kabla ya sisi wakimbizi kufika, hapa palikuwa patupu. Mahali palikuwapo. Palikuwa na Waturkana na mifugo yao, laga la Tarach ambalo huwa mchanga mtupu halafu siku moja linashuka na maji ya kubeba ng'ombe, na kijimji kidogo kwenye barabara iendayo Lokichoggio hadi mpaka wa Sudan.

Kambi ilianza mwaka 1992. Wa kwanza walikuwa Wasudani, wengi wao vijana na watoto wasiokuwa na wazazi. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia, na serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991 wakafukuzwa na vita tena, wakarudi Sudan kwa miguu, wakateremka mpaka Kenya. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda. Kakuma 1 ikazaa ya 2, ya 3, ya 4. Wazee Wasudani niliowakuta hapa husema waliambiwa ni kwa muda mfupi tu. Kitu cha muda mfupi hakipimiwi mitaa. Kila mtu alijenga alivyoweza: hema, halafu matofali ya udongo wa pale pale anapolala, shimo la udongo likabaki nje ya mlango likingoja mvua.

Mnisikilize vizuri ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: ushirikiano wa mji na kambi haukuanzia kwenye semina. Ulianza kwa kuni. Mkimbizi alikatazwa kwenda kukata miti porini, na jikoni lazima moto uwake. Kwa hiyo mama wa Kiturkana alileta mzigo wa kuni au makaa, akarudi na mahindi au unga wa mgao. Akina mama hao walichota maji kwenye nyumba za watu kambini, wakafua, wakabeba makuti ya mkoma kwa ajili ya paa. Hakuna aliyewapa cheti. Ni kweli pia kwamba kwa kuni hizo hizo watu walipigwa, na wengine hawakurudi salama. Si vizuri tuandike historia kana kwamba tulipendana tangu siku ya kwanza.

Tatizo lilikuwa kwamba kila huduma ilikuwa na upande wake. Shule, zahanati na mabomba ya kambi yalikuwa ya kambi. Mwaka wa ukame mfugaji aliyepoteza mbuzi wake alisimama nje akitazama malori ya chakula yakipita kwenda kwa wageni. Hata ningekuwa miye, moyo ungeuma.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2013, na sababu yake wengi wetu kambini hatukuiona. Katiba ya Kenya ya 2010 ilileta kaunti, na kuanzia 2013 Turkana ikawa na serikali yake, na gavana, na bajeti. Kabla ya hapo mambo ya wakimbizi yaliamuliwa Nairobi na Geneva. Sasa palikuwa na mtu Lodwar wa kuulizwa, naye alikuwa na haki ya kukataa. Mwishoni mwa mwaka huo huo vita vikaanza Sudan Kusini, Kakuma ikafurika. Ardhi zaidi ikahitajika. Kaunti na wenyeji walikubali mwaka 2015 kutoa hekta 1,500 upande wa Kalobeyei, ila walikuja na sharti: kambi nyingine hapana. Iwe makazi, na kila kitakachojengwa, kisima, shule, hospitali, kiwe cha wakimbizi na wenyeji pamoja. Mpango ule ulichorwa kwa watu elfu 60, wa pande zote mbili.

Miye nilifika Agosti 2016. Mwezi mmoja kabla, vita vya Juba vilikuwa vimelipuka upya, na mabasi ya Wasudani Kusini yalikuwa yakiingia kila siku. Ramani nzuri iliyochorwa, yenye barabara, masoko na viwanja, ikazidiwa na watu kabla wino haujakauka. Tulipewa vibanda vya miti na maturubali, mabati juu. Ndugu, nani amelala kwenye turubali la Kalobeyei saa nane mchana asikumbuke? Kuta zilikuwa zinapumua. Upepo ukija usiku, unasikia kijiji kizima kinapigapiga kama matanga ya mitumbwi kwetu Tanganyika. Maji yaliletwa na malori, na foleni ya jirikani ilianza kabla ya jogoo, hao wachache waliokuwapo.

Mwaka 2017 tukasikia kwamba shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, limemleta Mjapani mmoja maarufu, Shigeru Ban, anayejulikana kwa kujenga nyumba za mabomba ya karatasi baada ya matetemeko ya ardhi. Karatasi! Tulicheka mpaka machozi, kwa sababu mchwa wa hapa wanakula hata mpini wa jembe. Baadaye nilijifunza kwamba alianza kwanza kwa kutazama jinsi wenyeji na wakimbizi wanavyojenga, na hapo nikapunguza kicheko. Nyumba ya mama wa Kiturkana, ile ya fito na makuti, ina baridi mchana kuliko ofisi yoyote isiyo na kiyoyozi. Sisi tulioletewa plastiki kutoka mbali tulikuwa majirani wa nyumba iliyotushinda kwa akili, na hatukuuliza.

Mwaka 2018 ndipo mpango wa Kalobeyei uliozinduliwa rasmi kwa jina la KISEDP ukaja, chini ya kaunti ya Turkana na UNHCR, ukipangwa kwa awamu mpaka 2030. Karatasi zake ni nyingi na miye sitazirudia. Kitu kimoja ndani yake kilinigusa: pesa za nyumba. Zamani mkandarasi alikuja na gari lake, mafundi wake na mchanga wake, akaondoka na faida yake. Sasa familia ilifunguliwa akaunti benki, pesa zikaingia kidogo kidogo, msingi ukikaguliwa ndipo ya kuta inakuja, kuta zikikaguliwa ndipo ya paa. Ukatafuta fundi wako mwenyewe. Ukabishana bei mwenyewe.

Na hapo ndipo ugomvi ulipotukuta.

Kwetu tulikuwa familia kumi na moja tulioanza pamoja, Wakongo, Warundi na Wasudani Kusini wawili. Tulipatana na muuzaji mmoja, sitamtaja, alete matofali. Alileta nusu, na katika hiyo nusu mengi yalimomonyoka mkononi kama mkate wa juzi. Wakati tunahangaika naye, vijana kutoka mji wa Kalobeyei wakaweka mawe barabarani. Lori halipiti. Walisema: nyumba zinajengwa kwenye ardhi ya baba zao, mafundi wametoka Kakuma 3, mchanga umetolewa kwenye laga lao, na wao hawajapata hata kazi ya siku moja. Siku nne hakuna kilichosogea. Mzee mmoja wao alikaa chini ya mti akatuambia kwa Kiswahili cha polepole:

"Nyinyi mnapewa pesa ya nyumba juu ya ardhi yetu. Sisi tunapewa nini? Vumbi?"

Kiongozi wetu wa bloku alianza kueleza kwamba sisi ni wakimbizi na hatuna uwezo. Yule mzee akamnyamazisha kwa mkono. Akasema, "Baba, sijakuuliza kama una shida. Shida mimi pia ninayo. Nimekuuliza tutafanya nini."

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu nyumbani, nikapewa kazi ya kuandika. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na ndilo linalonifanya nithubutu kuita maandishi haya historia. Tulikaa siku mbili. Tulikubaliana hivi: kuchimba msingi na kufyatua matofali itakuwa kazi ya vijana wa Kalobeyei, kwa kulipwa kila tofali lililokauka bila ufa. Kujenga kuta kutabaki kwa mafundi wetu, ila kila fundi achukue kijana mmoja mwenyeji wa kumfundisha. Mchanga utanunuliwa kwa akina mama wenye punda. Maji ya kufyatulia, na hapa ndipo palipokuwa pagumu, yatatoka kwenye mgao wetu sisi, jirikani mbili kwa nyumba kwa siku, maana wenyeji walisema hawatatoa maji ya mbuzi kwa ajili ya udongo. Mke wangu hakunisemesha jioni ile. Jirikani mbili ni nguo za watoto.

Daftari lina mambo mengine yasiyopendeza. Siku ya sita, kijana ameondoka na koleo. Siku ya tisa, fundi wetu amemtukana mwanafunzi wake, wazee wamemtoza faini ya sukari. Siku ya kumi na tatu, matofali 60 yameloa mvua, nani analipa? Tuligawana hasara. Msituni nyuma ya kijiji mathenge ilikatwa kwa ruhusa ya wazee, tukapata fito za mlango bila kuvunja sheria ya mtu. Ilichukua miezi mitatu badala ya mmoja tuliopanga. Nyumba kumi na moja zilisimama. Kumi zimesimama mpaka leo. Ya kumi na moja iliezuliwa na upepo kwa sababu mwenyewe alibana pesa kwenye misumari, na hilo halimhusu Mturkana wala UNHCR.

Nimeona makaratasi ya wataalamu wakisema yale yale kwa namba. Benki ya Dunia ilichapisha utafiti mwaka 2016 kwamba uwepo wa wakimbizi umeongeza pato la Turkana kwa asilimia 3.4 na ajira kwa asilimia 2.9. Mwaka 2018 shirika lake la IFC likasema soko la Kakuma, kambi na mji, ni la dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka yanazidi 2,000. Namba hizo zilisaidia sana, watu wa Nairobi walianza kutuita wateja badala ya mzigo. Ila zina ulaghai kidogo. Pesa nyingi za soko hilo zilikuwa chakula cha msaada kikigeuzwa pesa ya simu, Bamba Chakula. Mgao ulipokatwa mwaka 2025 na watu wakapangwa makundi, huyu anapata na huyu hapati, maduka ya mji yalilia sawa na majiko yetu. Deni la unga ninalodaiwa liko kwenye daftari la Msomali wa Kakuma 1, naye anadaiwa na tajiri wa mjini. Mnyororo ni mmoja.

Sasa tumeambiwa tunakuwa manispaa, Kakuma na Kalobeyei pamoja. Sheria ya wakimbizi ya 2021 ilifungua milango kadhaa kwenye karatasi, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika wa kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida. Nafurahi, na naogopa. Manispaa inatoza ushuru wa soko, inazoa taka, inapanga barabara, na hayo tunayahitaji. Lakini miye siwezi kumpigia mtu kura, na kwenda Lodwar bado natafuta kibali. Na ardhi chini ya nyumba yangu ni ardhi ya jamii ya Waturkana. Matofali ni yangu, mabati ni yangu, risiti ninazo. Kiwanja sina, wala sidai kuwa nacho. Kwenye mikutano swali hili huachwa la mwisho, watu wameshachoka, soda zimeisha.

Jirani mmoja hakuliacha. Ni mama wa Kiturkana aliyetuuzia mchanga wakati ule na sasa anauza makaa kando ya kisima. Kesi yangu ya Marekani ilikuwa imefika mbali, halafu Januari 2025 mlango ukafungwa kwa wote. Alikuja kunipa pole. "Ejok, baba," akasema, akakaa kwenye kigoda chetu, akanywa chai, akautazama ukuta muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Na kama wangekuchukua, hii nyumba ungemwachia nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sheria haijaniambia kama ninaruhusiwa kumwachia mtu. Akasema hakuuliza sheria.

Mwanawe mdogo ni mmoja wa vijana waliofundishwa ujenzi kwenye zile nyumba kumi na moja. Siku hizi ni fundi, anajenga mjini Kalobeyei, kwa matofali, na makuti juu ya mabati kuzuia joto. Nilimwomba mama amtume Jumamosi, maana ukuta wa upande wa jikoni umepata ufa na binti yangu anataka chumba chake. Tulipatana bei mbele ya chai ile ile. Safari hii maji atakuja nayo yeye.