Ngeli na Watu wa Mamboya

Wadau, leo tuongelee ung'eng'e, au "ngeli" kama wanavyouita vijana wa mjini. Jina hilo linanichekesha, maana ngeli ndizo hasa ambazo Kiingereza hakina.

Wengi tunaijua Kilosa kwa reli, mkonge na mafuriko, na Mikumi kwa wanyama unaowaona ukiwa ndani ya basi la Iringa. Kumbe kazi ya sarufi ilianza huko zamani, tena kwa mgeni kuwa mwanafunzi! Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mmisionari Mwingereza, Joseph Thomas Last, alikuwa Mamboya, kwenye milima ya Kilosa. Mwaka 1886 kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kikachapishwa London. Ilibidi aelewe kitu ambacho mtoto wa Kikaguru hafundishwi na mtu: jina huvuta sentensi nzima. Hata sisi tunasema kiti kimevunjika, viti vimevunjika.

Sasa geuza kibao. "Nimemwona" ni neno moja. Mwingereza anataka manne, "I have seen him", na lazima aamue kama huyo ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunamtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi. Wao wanabandika "s" mkiani, tena kwa nafsi moja tu, na wakati uliopo tu. Halafu kuna "a" na "the", ambavyo hata waheshimiwa huviruka.

Waingereza walipotwaa nchi baada ya Vita ya Kwanza, mwenyeji ndiye akawa mwanafunzi. Mwaka 1967 Kiswahili kikashika shule za msingi, sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza sekondari nazo zianze kuhamia Kiswahili mwaka 1985. Serikali ikakataa.

Matokeo yake yako Mikumi, hifadhi tangu 1964. Kijana aliyekulia jirani na tembo anaweza kukosa kazi ya kuongoza watalii kwa sababu ya "saw" na "seen". Wenye pesa wanapeleka watoto "English medium", mkulima wa Kilosa anategemea shule ya kata. Last aliishi na Wakaguru kwa miaka kadhaa ndipo akaandika. Mtoto wa kidato cha kwanza amezoea kupewa kozi ya wiki chache, kisha anakabidhiwa kitabu cha fizikia.

Nyie wenzangu mlivukaje pale?