Ganda la Risasi la Babu

Nyumbani kwetu Taveta kuna ganda la risasi. Limekaa juu ya kabati la vyombo tangu nizaliwe, na habari yake ni ile ile: eti baba yake babu alilifyatua pale kilima cha Salaita, akamwangusha Mjerumani, kisha akaliokota akalitia mfukoni. Wenzangu, hadithi hiyo nimejigamba nayo tangu shule ya msingi hadi Nairobi. Mwaka jana nikataka kuiandika. Nikasema, ngoja kwanza nilitazame ganda lenyewe.

Nililisugua kwa ndimu na majivu. (Hili ni ganda tupu. Ukiokota risasi ambayo bado ina kichwa, usiiguse, kaite polisi.) Nikalipima kwa rula: urefu milimita 56, mdomo kama milimita 8. Katikati ya kitako pana kishimo kidogo, alama ya pini ya bunduki. Basi ilipigwa kweli. Kitako chenyewe kina ukingo uliojitokeza nje. Ganda la Mauser ya Mjerumani halina ukingo huo, lina mfereji tu. Na zile bunduki kuukuu za mwaka 1871 walizobebeshwa askari wengi wa Mjerumani, risasi yake ni nene, milimita 11, na moshi wake uliwafichua walipojificha. Langu ni .303, risasi ya Mwingereza.

Uchafu ulipotoka nikasoma: K 15 VII. K ni Kynoch, kiwanda cha Birmingham, Uingereza. 15 ni mwaka 1915. VII ni toleo la saba la risasi hiyo, lililoanza 1910. Na vita vya Salaita vilipiganwa tarehe 12 Februari 1916, Waingereza na Makaburu wakarudishwa nyuma. Nikaruka kwa furaha. Babu hakudanganya!

Lakini usiku usingizi ukanikataa. Ganda linasema lilitengenezwa wapi na lini. Halisemi nani alivuta kifyatulio. Mwaka 1915 unaniambia halikupigwa kabla ya hapo, hauniambii halikupigwa baadaye. Na silaha huhama mikono: Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Mwingereza na risasi zipatazo 600,000. Asubuhi nikamfuata mzee.

"Babu, baba yako alikuwa kikosi gani?"

"Keria-ko."

"Kama lile soko?"

"Ndiyo hilo hilo, mjukuu wangu."

Nikanyamaza. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, zote zimepata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Mpagazi hakupewa bunduki. Alipewa mzigo, mara nyingi kasha la risasi. Upande wa Mwingereza peke yake, hesabu za serikali zinakiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanasema hesabu hiyo ni ndogo. Wengi hawakuuawa na risasi; waliuawa na kuhara, malaria na njaa.

Nikamweleza babu yote. Yeye ni kitinda mimba, baba yake alimzaa uzeeni, na sasa amepita miaka themanini. Aliligeuza ganda kiganjani muda mrefu.

"Baba hakuniambia alipiga mtu," akasema. "Aliniambia alilitoa Salaita, basi. Hayo mengine niliyaongeza mimi. Watoto wa wenzangu baba zao walikuwa askari. Wangu alikuwa mbeba mizigo. Ningesema nini?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nikamuuliza kama niandike au niache.

"Andika. Lakini usiseme alibeba tu. Sema alibeba akarudi."

Basi nimeandika. Nawe msomaji, kama kwenu kuna kitu juu ya kabati, kiteremshe ukisome kitako. Halafu muulize mwenyewe, angali hai.