Mraba wa Tarakimu Tisa

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, wanafunzi wana desturi ya kulianza gazeti kwa ukurasa wa nyuma, penye habari za mpira, kisha kuhamia ukurasa wa mafumbo na kutulia hapo. Alasiri moja niliwakuta wanne wameuinamia mraba uliochorwa vyumba 81, huyu ana kalamu, yule ana kifutio, nao wanabishana. Ubishi wenyewe haukuwa juu ya namba. Mmoja alishikilia kwamba mchezo ule, uitwao Sudoku, ni wa kale mno, na kwamba Wajapani waliurithi kwa babu zao. Mwenziwe alikana, akasema uliundwa na mwanachuoni mmoja wa Uswisi miaka mia mbili na zaidi iliyopita. "Mwalimu, tuamulie," wakaniambia.

Sikuweza kuwaamulia. Nilikuwa nimeijaza miraba ya namna ile mara nyingi, ndani ya matatu na katika vyumba vya kungojea daktari, wala sikuwahi kujiuliza imetoka wapi. Nikawaomba siku saba.

Kwa ajili ya msomaji asiyeujua mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Mraba mkubwa una mistari 9 ya kulala na mistari 9 ya kusimama. Tena umegawanywa katika miraba midogo 9, na kila mmoja una vyumba 9. Baadhi ya vyumba vimekwisha kuandikwa tarakimu. Kazi ya mchezaji ni kuvijaza vilivyobaki kwa tarakimu 1 hadi 9, hata pasiwe na tarakimu iliyojirudia katika mstari wa kulala, wala wa kusimama, wala katika mraba mdogo. Hapana kujumlisha wala kutoa. Tungeweza kuziondoa namba tukaweka herufi tisa, au picha za wanyama tisa, na fumbo lingebaki lile lile.

Wako wanaolijaza kwa kubahatisha, nao hujulikana kwa vifutio vyao. Njia ya haki ni nyingine. Tuchukue miraba midogo mitatu ya juu. Tuseme 7 imo katika mstari wa kwanza, ndani ya mraba wa kushoto. Tena imo katika mstari wa pili, ndani ya mraba wa kulia. Mraba wa katikati nao hauna budi kuwa na 7 yake. Haiwezi kukaa katika mstari wa kwanza wala wa pili, maana huko imekwisha kupata makao. Umebaki mstari wa tatu, ambao una vyumba vitatu ndani ya mraba huo wa katikati. Ikiwa viwili vimekwisha kukaliwa na namba nyingine, basi 7 ni lazima iwe katika kile cha tatu. Hatukuiona 7 kwa macho. Tumeijua kwa kupaondoa mahali pote isipoweza kuwapo. Namwomba msomaji aishike njia hii, kwa kuwa tutaihitaji tena mbele, mahali pasipo na mraba wowote.

Nilianza na dai la ukale. Ni kweli kwamba watu walizipanga namba katika miraba tangu zamani sana. Wachina walikuwa na mraba wa vyumba tisa ambao mistari yake ni 4, 9, 2. Kisha 3, 5, 7. Kisha 8, 1, 6. Jumlisha upendavyo, kwa kulala, kwa kusimama au kwa pembe, utapata 15. Elimu hii ilienea katika nchi za Kiislamu, na miraba ya namba ikaandikwa katika hirizi, hata hapa pwani yetu. Wala Waafrika hawakuwa watazamaji tu. Muhammad ibn Muhammad, mwanachuoni wa Katsina, mji ulio kaskazini ya Nigeria ya leo, aliandika kwa Kiarabu jinsi ya kuiunda miraba hiyo. Alifariki Cairo mwaka 1741. Lakini hiyo ni miraba ya jumla. Uzuri wake umo katika hesabu. Katika fumbo letu hapana hesabu, bali pana mahali tu. Kwa hiyo miraba hiyo ni jamaa wa mbali, si mzazi.

Nikaja kwa yule Mswisi. Jina lake ni Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel mwaka 1707 na kufariki St. Petersburg, Urusi, mwaka 1783. Katika mwaka 1779, alipokuwa karibu kipofu kabisa, alitoa mbele ya akademia ya mji huo swali ambalo kila mtoto anaweza kulielewa. Wako maofisa 36, waliotoka katika vikosi sita. Kila kikosi kimetoa maofisa sita wa vyeo sita mbalimbali. Je, wanaweza kupangwa katika mraba wa sita kwa sita, hata kila mstari, wa kulala na wa kusimama, uwe na ofisa mmoja wa kila kikosi na mmoja wa kila cheo? Mtu aliyepoteza nuru ya macho aliipanga miraba hiyo akilini, akaihamisha na kuipindua, na mwisho akasema kwamba anadhani haiwezekani, ingawa hakuwa na hakika kamili. Hakika ililetwa na Gaston Tarry, Mfaransa aliyekuwa mtumishi wa serikali mjini Algiers. Yeye alizichungua njia zote, moja baada ya moja, akaonyesha karibu na mwaka 1900 kwamba maofisa wale hawapangiki. Euler alikuwa amedhani pia kwamba mraba wa kumi kwa kumi una tatizo hilo hilo. Hapo alikosea. Wahindi wawili, Bose na Shrikhande, pamoja na Parker wa Marekani, walilibatilisha wazo hilo mwaka 1959.

Katika kazi hiyo Euler alishughulika na mraba ambao kila alama huonekana mara moja katika kila mstari, na kwa kuwa aliziandika alama hizo kwa herufi za Kilatini, wanahesabu huuita mraba wa Kilatini mpaka leo. Kila Sudoku iliyokwisha kujazwa ni mraba wa Kilatini. Basi mwanafunzi wangu wa pili alikuwa na nusu ya haki. Nusu tu, kwa sababu Euler hakuacha vyumba vitupu ili mtu avijaze, wala hakuigawa miraba yake katika miraba midogo. Tena hakuwa wa kwanza: Choi Seok-jeong wa Korea, aliyefariki 1715, alikwisha kupanga miraba ya namna hiyo, yenye vyumba 81.

Vyumba vitupu vilitokea Ufaransa. Gazeti la Paris liitwalo Le Siècle lilichapa tarehe 19 Novemba 1892 mraba wa tisa kwa tisa wenye mapengo ya kujazwa, ila kulijaza kulihitaji kujumlisha. Gazeti jingine, La France, likatoa tarehe 6 Julai 1895 mraba uliotumia tarakimu 1 hadi 9 tu, unaokaribia kabisa ule wa leo. Mafumbo haya yaliwaburudisha Wafaransa kwa miaka michache. Ilipokuja Vita Kuu ya mwaka 1914 yalikuwa yanatoweka, na hapana aliyeyalilia.

Ukimya ukawa mrefu. Kisha, katika Mei 1979, jarida la mafumbo la kampuni ya Dell nchini Marekani lilitoa mraba wa vyumba 81, wenye miraba midogo tisa na sharti zile zile tunazozijua. Jina lake lilikuwa Number Place, yaani mahali pa namba. Chini ya fumbo hapakuwa na jina la mtu.

Kutoka hapo lilivuka bahari. Mwaka 1984 Maki Kaji, ambaye kampuni yake ya mafumbo mjini Tokyo iliitwa Nikoli kwa jina la farasi wa mashindano, alilichapa katika jarida lake. Alilipa jina refu lenye maana kwamba kila namba sharti ikae kapera. Jina hilo lilikatwa likawa Sudoku: su ni namba, doku ni pweke. Mwaka 1986 Wajapani hao waliongeza mambo mawili: kwamba namba zinazotolewa zisizidi 32, na kwamba zipangwe kwa ulinganifu, upande huu ukiuelekea ule kama mtu na kivuli chake. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo lilipopata uzuri wake. Kampuni ililisajili jina Sudoku nchini Japani pekee, na kwa sababu hiyo yametokea mambo ya kuchekesha. Wachapishaji wengine wa Japani, wasioweza kulitumia jina la Kijapani, hulitumia lile la Kiingereza. Na ulimwengu wote uliobaki, ulioweza kuchagua, ukachagua la Kijapani. Ndiyo maana mwanafunzi wangu wa kwanza alidhani mchezo huu ni urithi wa mababu. Jina lilimdanganya.

Aliyelitoa Japani ni Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand, jaji mstaafu wa Hong Kong. Alikiona kitabu cha mafumbo haya katika duka la Tokyo mwaka 1997, wala hakujua kusoma Kijapani, miraba ilimtosha. Alitumia miaka sita kutunga programu ya kompyuta ya kuyatengeneza. Tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa, naye hakudai malipo. Kabla mwaka wa pili haujatimia magazeti ya mabara yote yalikuwa yameambukizwa. Machi 2006 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Lucca, Italia, na mshindi akawa mwanamke wa Jamhuri ya Cheki, Jana Tylová, ambaye kazi yake ilikuwa uhasibu.

Uraibu huo haukuwa bila hasara. Mwaka 2008 kesi ya dawa za kulevya ilikuwa ikisikilizwa mjini Sydney, Australia. Ilikwisha kuchukua zaidi ya miezi mitatu na kugharimu zaidi ya dola milioni moja za nchi hiyo. Raia walioteuliwa kuiamua walionekana wakiandika kwa bidii, na mahakama ikafurahi kuwa wanatunza kumbukumbu za ushahidi. Baadaye ikatambulika kwamba baadhi yao walikuwa wakiandika kwa kusimama, kutoka juu kwenda chini. Mtu haandiki ushahidi hivyo. Kesi ikavunjwa, na washtakiwa walikuwa wakikabiliwa na uwezekano wa kifungo cha maisha.

Wanahesabu nao waliingia. Mwaka 2005 Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walihesabu njia zote za kuujaza mraba huu kwa haki, wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. Na kwa kuwa fumbo la kweli lazima liwe na jibu moja tu, watu waliuliza ni namba ngapi, kwa uchache, zinazotosha kulipa jibu moja. Ilijulikana kuwa 17 huweza kutosha, je, 16? Gary McGuire na wenzake wa Dublin waliziweka kompyuta kazini, na mwaka 2012 wakajibu kwamba hapana, 16 hazitoshi hata mara moja.

Lakini swali la wanafunzi wangu lilikuwa bado. Nani aliutunga mraba ule wa 1979? Will Shortz, mhariri wa mafumbo wa New York Times, alilishughulikia. Mafumbo yenyewe hayakuwa na majina, kama tulivyoona, lakini jarida la Dell lilikuwa likichapa orodha ya watu waliochangia katika kila toleo. Shortz alizikusanya orodha hizo. Katika matoleo yenye Number Place alitafuta jina lililokuwamo kila mara. Katika matoleo yasiyo nalo alitafuta jina lisilokuwamo kila mara. Jina lililoonekana katika toleo lisilo na fumbo liliondolewa. Jina lililokosekana katika toleo lenye fumbo nalo liliondolewa. Msomaji ameitambua njia. Kikabaki chumba kimoja na namba moja: Howard Garns.

Alikuwa msanifu wa majengo wa jimbo la Indiana, aliyezaliwa 1905, na fumbo lake lilipochapwa alikuwa mstaafu wa miaka 74. Maisha yake yote alikuwa amechora nyumba, vyumba na kuta, na huenda ndiyo sababu aliufikiria mraba uliogawanywa kwa kuta nzito zinazotenga vyumba tisa tisa. Hilo ni wazo langu mimi, wala silitoi kama ushahidi. Alifariki mwaka 1989, miaka 15 kabla ya London kulipokea fumbo lake. Maki Kaji alifariki Agosti 2021, na magazeti ya ulimwengu yalimwomboleza kwa jina la baba wa Sudoku.

Siku ya saba niliwaeleza wanafunzi wangu hayo yote. Yule wa kwanza aliuliza kama Garns alipata hata senti moja katika utajiri ule uliofuata. Nilimwambia kwamba, kabla mchezo haujapata jina hili London, alikuwa amekwisha kuzikwa. Akalichukua gazeti la siku ile, akautazama mraba, akapitisha kidole chini yake kutoka kushoto hadi kulia, akitafuta.